Seiko 5 Sports au Orient Kamasu? Tuzipime kwa maji chumvi, mchanga na fundi wa mtaani

#1 mvuvi_wa_jioni

Wakuu, heshima kwenu.

Natafuta saa ya otomatiki, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ya kuvaa kila siku. Niko Tanga, kazi yangu ni boti: nawapeleka wageni kuangalia miamba na kuwarudisha. Saa itakula maji chumvi asubuhi, mchanga mchana, na jioni nataka niende nayo harusini watu wasinicheke. Ya betri sitaki. Kila betri ikibadilishwa, mpira wa mfuniko wa nyuma haurudi kukaa vizuri, na wiki ya pili kioo kina mvuke kwa ndani.

Bajeti haivuki dola 300. Nimechuja nimebakiwa na mbili: Seiko 5 Sports SRPD55, ile nyeusi yenye sura ya SKX007 (saa ya zamani ya wazamiaji ya Seiko), na Orient Kamasu RA-AA0002L, ya bluu. Kwenye karatasi naona Kamasu inashinda karibu kila kipengele na bei yake mara nyingi iko chini. Kama ni hivyo, mbona mikono mingi ninayokutana nayo ina Seiko? Kuna kitu karatasi haisemi?

Ombi moja tu: usiniambie "chukua unayoipenda". Zote nazipenda.

#2 jua_kali254

Casio Duro MDV106. Mita 200, ya betri, bei robo ya hizo zako. Bill Gates mwenyewe ameonekana nayo mkononi, na yule anaweza kununua kiwanda kizima. Uzi ufungwe.

#3 mvuvi_wa_jioni

Mkuu, nimesema otomatiki. Soma taratibu.

#4 kioo_safaya

Tuanze na vipimo, maana humu watu hubishana saa bila kuvijua.

SRPD55 ina upana wa milimita 42.5 na unene wa 13.4. Kamasu ni 41.8 kwa 12.8. Mkononi tofauti hiyo hutaiona. Zote zinatumia mkanda wa milimita 22, kwa hiyo mkanda ukichoka unakwenda duka lilelile. Seiko ina mashine ya 4R36, Orient ina F6922. Zote zinapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mapigo sita kila sekunde. Zote ukizivua zinaendelea kwa saa 40 na kidogo: ukiiweka mezani Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili kabla ya adhuhuri utaikuta imelala. Zote unaweza kuzitia ufunguo kwa mkono, na zote mshale wa sekunde husimama ukivuta ufunguo (kile kitufe cha pembeni) ili upange muda vizuri. SKX007 ya 1996 haikuwa na hayo mawili, na Orient Mako ya kwanza nayo haikuwa nayo. Watu wanaolilia saa za zamani huwa wanasahau hilo.

Mpaka hapo sare. Ugomvi unaanzia kwenye kioo.

Kamasu ina kioo cha safaya. Seiko ina Hardlex, ambacho ni kioo cha madini kilichoimarishwa. Safaya iko kwenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs. Kioo cha madini kiko chini ya 7, na 7 ndiyo namba ya kwatsi, zile chembe ngumu za mchanga unaoletwa na mito. Mchanga mweupe wa matumbawe kama wa Unguja ni laini, huo hautakusumbua. Lakini wewe uko Tanga, Pangani iko hapo, na mchanga wa mtoni una kwatsi ya kutosha. Ukiuburuza mkono kwenye mchanga huo, Hardlex itapata mikwaruzo na safaya haitapata. Kwa upande mwingine, safaya ikigonga chuma cha boti kwa pembe mbaya hupasuka kwa urahisi zaidi kuliko Hardlex. Mimi kati ya mikwaruzo ya uhakika na mpasuko wa bahati mbaya nachagua safaya. Ndiyo maana najiita hivi.

Maji: Kamasu ni mita 200 na ufunguo wake unafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Seiko ni mita 100, ufunguo wa kusukuma tu. Hapa ndipo mashabiki wa SKX walipokasirika 2019, kwa sababu Seiko walichukua sura ya saa ya wazamiaji ya mita 200 wakaiweka kwenye saa ya kawaida. Walikuwa na haki ya kukasirika.

Usahihi: Seiko wanaahidi 4R36 isizidi sekunde 45 mbele au 35 nyuma kwa siku. Orient wanaahidi 25 mbele, 15 nyuma. Kwa wiki, Seiko mbaya kabisa inaweza kukupeleka mbele dakika tano na zaidi, na bado kiwanda kikasema ni nzima. Nyingi hutembea vizuri kuliko hapo, lakini ahadi ni ahadi.

Seiko inashinda wapi? Rangi ya kung'aa gizani. LumiBrite ya Seiko inasomeka mpaka alfajiri, ya Kamasu inachoka mapema. Pete ya juu ya Seiko, ile inayozungushwa kuzunguka kioo, nayo inashikika vizuri kwa vidole vyenye maji. Ya Kamasu ni nyembamba, inateleza. Na ukitaka kuona mashine ikizunguka, Seiko mgongo wake ni wa kioo, Kamasu ni chuma kitupu.

Kwa kazi yako: Kamasu. Sioni mjadala.

#5 nyali_kwetu

Mjadala upo, ndugu yangu kioo_safaya.

Huo ufunguo wa kuzungusha ni mzuri ukikumbuka kuufunga. Hapa Mombasa nimeona watu wangapi wamepanga tarehe, wakausukuma ndani bila kuuzungusha, wakaenda kuogelea. Ukiwa wazi hivyo usiutegemee hata kidogo. Na kila mara unapoufungua na kuufunga, nyuzi zake zinalika. Ukiuanzisha mshazari, umeziharibu. Saa ya otomatiki ambayo huivai kila siku husimama, na ikisimama lazima uufungue upange upya. Kwa mtu mwenye saa nne nyumbani, ufunguo wa kusukuma ni raha.

La pili, hizo "mita". Mita 100 si kwamba ushuke nayo mita 100. Ni shinikizo la majaribio, maji yametulia, saa haisogei. Kwa matumizi, mita 100 inatosha kuogelea na kuvaa miwani ukaangalia samaki juu juu. Ukitaka kuzama na mtungi, zote mbili si saa zake. Tazama uso wa Kamasu: umeandikwa inahimili maji mita 200, haukuandikwa kwamba ni saa ya wazamiaji. Saa iliyopita kipimo cha ISO 6425 huwa inajitangaza, haioni haya.

Kwa hiyo mtu wa boti anayerushiwa maji na kuruka ndani mara mojamoja, mita 100 zamtosha. Kinachoua saa huku kwetu si kina cha maji, ni chumvi. Ikikauka chini ya pete inakuwa kama saruji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba, zungusha pete mzunguko mzima ndani ya maji, futa. Saa isiyosuuzwa itakufa hata iandikwe mita 300.

Na maji ya moto ya bafuni acha kabisa. Mpira wa ndani hauyapendi.

#6 kioo_safaya

Anayesahau kufunga ufunguo ni mtu, si saa. Hilo la chumvi nakubali.

#7 mbishi_wa_kahawa

Yaani mnagombana bure. Orient si ni Seiko tu? Kampuni moja, majina mawili. Chukua ya bei rahisi mwende zenu.

#8 kioo_safaya

Hili husemwa sana, na lina ukweli nusu.

Seiko ilianzishwa na Kintaro Hattori mwaka 1881, Tokyo. Orient mizizi yake ni duka la Shogoro Yoshida la 1901, na kampuni yenyewe ilianza 1950, ikachukua jina la Orient mwaka uliofuata. Iliyoichukua Orient ni Seiko Epson, hawa hawa wa printa: ilikuwa na hisa nyingi tangu 2001, ikaimiliki yote 2009, na 2017 biashara ya Orient ikaunganishwa ndani ya Epson moja kwa moja. Seiko Epson ni ndugu wa ukoo wa Seiko, lakini saa zinazoandikwa Seiko zinauzwa na kampuni nyingine. Mashine hazichangii vipuri. F6922 inatokana na ukoo wa mashine za Orient zilizoanza 1971, 4R36 inatokana na Seiko. Ukifungua migongo yote miwili utaona wazi.

Hilo la vipuri aje fundi aliseme, najua anasoma kimya kimya.

#9 fundi_kaunta

Nasoma, nilikuwa na mteja.

Mleta uzi umeuliza kwa nini mikono mingi ina Seiko. Jibu halimo kwenye kioo wala kwenye mita. Limo kwenye kaunta zetu.

Kila mji wa nchi hii una fundi mwenye kibati cha Seiko zilizokufa. Wazee wetu walivaa Seiko 5, jina hilo lipo tangu 1963. Zikafa kesi na vioo, mashine zikabaki. Nikitaka gurudumu, skrubu, kipande cha kujazia chenye makucha mawili, nachukua kwenye kibati. 4R36 ya sasa imetokana na 7S26 ya miaka ya tisini, na vitu vingi vinaingiliana. Fundi aliyejifunza kwenye 7S26 haogopi 4R36. Ukimpa F6922 ya Orient ataifungua, anajua kazi, lakini kikivunjika kitu ataanza kukuambia "njoo wiki ijayo". Hiyo wiki ijayo unaijua.

Halafu kuna hili: Seiko wanauza mashine hiyohiyo kwa watengenezaji wengine kwa jina la NH36. Imejaa duniani. Mtandaoni unaipata nzima, mpya, kwa dola 40 hadi 50. Yaani siku 4R36 yako ikichoka kabisa, gharama ya kung'ang'ania kuitengeneza inaweza kuzidi kuweka mpya. Orient hawauzi F6922 kwa watu namna hiyo, wanabaki nayo wenyewe. Mashine ya Kamasu ikifa, unatafuta Kamasu nyingine uichinje.

Tahadhari kwa watakaokimbilia kuagiza NH36. Nyingi zinazouzwa zina visahani vya siku na tarehe vilivyopangwa kwa saa yenye ufunguo kwenye namba 3. SRPD ufunguo wake uko kwenye 4. Ukichomeka hivyohivyo, siku na tarehe zitasimama mshazari dirishani. Fundi ahamishe visahani vya zamani aviweke kwenye mashine mpya. Kazi ndogo, ila nimeletewa saa za watu waliofanyiwa na mtu asiyejua, JUMATANO imelala chali.

Kwa hiyo mimi: kama saa unaitaka kwa miaka mitano, Kamasu. Kama unaitaka umrithishe mtoto, Seiko, halafu mbadilishie kioo. Kioo cha safaya cha kuingia SRPD kinauzwa tayari, kwa sababu watu wengi duniani wanazichezea saa hizi. Hivyo ile tofauti kubwa ya kioo inafutika kwa pesa kidogo. Tofauti ya vipuri huwezi kuifuta.

#10 mbishi_wa_kahawa

Fundi umeongea. Ila mafundi mnatetea mnachokijua.

#11 fundi_kaunta

Ndiyo. Na wewe ndiye utakayeniletea mimi hiyo saa, si utampelekea aliyeandika karatasi.

#12 toka_maskati

Salaam kutoka Muscat. Nichangie upande wa kununua.

Huku Ghuba Seiko 5 zipo maduka mengi, na Orient pia. Ukimwagiza ndugu, mwambie aangalie dirisha la siku. Seiko nyingi za soko hili zina siku kwa Kiingereza na Kiarabu, unachagua mwenyewe kwa kuzungusha ufunguo. Mama yangu anaipenda ya Kiarabu. Wengine wakiletewa hudhani ni feki kwa sababu wameona maandishi ya Kiarabu. Si feki, imepangwa lugha nyingine tu.

Na tofauti ya herufi mwishoni mwa namba ya modeli, K1 na J1, isikutoe pesa nyingi. J ni ile inayoandikwa imetengenezwa Japani. Mashine ni 4R36 ileile.

Zile Seiko 5 za zamani zilizopakwa rangi za kuwaka, uso wa machungwa, kijani, zambarau, bei ya kutupa, zimejaa mtandaoni. Nyingi ni mabaki yaliyounganishwa: kesi ya hii, uso uliochorwa upya, mashine ya ile. Hazifai kazi ya mvuvi, mpira wake umechoka siku nyingi. Kwa fundi zinafaa, kwa kibati.

#13 saa_ya_bibi

Samahani naingilia kaka zangu. Mimi mkono wangu mwembamba na nimeshawahi kuijaribu SRPD dukani, ilikuwa sahani. Nani amesema saa za michezo ni za wanaume wenye mikono ya makasia? Tangu 2023 Seiko 5 ipo ya milimita 38, kwa mfano SRPK29: sura ileile, mashine ileile ya 4R36, mita 100 zilezile. Kwa hiyo maneno yote ya fundi kuhusu vipuri yanahusu na hiyo. Kamasu ya ukubwa huo sijaiona.

Kwa mwenye mkono mkubwa ruka ujumbe huu. Kwa wengine msijilazimishe, maana SRPD hata ukipunguza mkanda bado pembe zake zina urefu wa milimita 46 toka juu hadi chini, na ule unene wa 13.4 unakamata mikono ya shati.

#14 nyali_kwetu

Dada umesema kweli. Hata mimi nilijaribu zote mbili, na kilichonishangaza ni kwamba Kamasu yajilaza vizuri zaidi mkononi ingawa vipimo vyakaribiana. Ule unene mdogo wasaidia. Ila mkanda wake wa cheni wanichekesha: vile vipande vya mwisho vinavyoshika saa ni vya bati lililokunjwa, vyalia kama kibiriti. Seiko wa bei hii pia ni hivyohivyo. Kwa kazi ya bahari vueni cheni, wekeni mpira au naironi.

#15 mvuvi_wa_jioni

Asanteni wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea.

Fundi amenigusa. Lakini nikipiga hesabu ya maisha yangu: saa itapata mchanga na chumvi kila siku kuanzia kesho, mashine itakufa labda baada ya miaka. Sitaki kununua Seiko halafu siku hiyohiyo nianze kutafuta kioo kingine, na mtu wa kukibana sawasawa maji yasiingie. Kwa hiyo nakwenda na Kamasu ya bluu, mpira mweusi. Nikija kuwa na pesa ya saa ya pili, ya harusini, ndipo nichukue Seiko, na huko mgongo wa kioo utanifaa.

Swali la mwisho kwa fundi: nikifika dukani, nikaguliaje? Feki zimejaa.

#16 fundi_kaunta

Uamuzi wako una hoja, sina kinyongo. Saa ya pili nakusubiri.

Ukifika dukani usianze kwa kuuliza bei. Omba saa iliyolala, isiyotembea. Itikise kidogo, mshale wa sekunde uanze wenyewe. Uangalie: unatakiwa uteleze kwa hatua ndogondogo sita kila sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, hiyo ni ya betri imevalishwa koti. Rudisha.

Fungua ufunguo kwa kuuzungusha kuelekea kwako kisha uache uruke wenyewe. Utie ufunguo mara kadhaa, usikie laini bila kukwama. Uvute hadi mwisho, sekunde zisimame. Urudishe na uufunge ukiusukuma taratibu. Ukihisi unakata nyuzi, mwambie muuzaji akupe nyingine, usimwache akuambie utazoea.

Zungusha pete mzunguko mmoja, kisha weka pembetatu kwenye 12 utazame kama imekaa sawa na alama ya dakika. Ziko zinazokuja zimepinda nusu hatua, za Seiko hasa zinasemwa sana kwa hilo. Haiathiri mashine, lakini ukishaiona hutaacha kuiona.

Wale wanaochukua Seiko, geuza mgongo msome namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Inayoanza na 34 ni ya Aprili 2023. SRPD zilianza 2019, kwa hiyo hakuna ya 2013, na namba ikikupa mwezi usiolingana na hadithi ya muuzaji umepata la kumuuliza. Oktoba, Novemba na Desemba zinaandikwa kwa herufi: O, N, D.

Ukifika nayo nyumbani, tarehe usiibadilishe kwa haraka usiku. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri magurudumu ya tarehe yameshaanza kushikana, ukilazimisha unavunja jino. Ipeleke kwanza mishale kwenye saa kumi na mbili, yaani mshale wa saa kwenye namba 6, halafu panga. Na usiilaze juu ya simu wala spika ya boti. Ikipata sumaku itaanza kukimbia dakika nzima kwa siku, watu wanadhani imeharibika wanaleta kwangu. Kuitoa sumaku ni kazi ya dakika moja, na kuna mafundi wanaoitoza kama sevisi nzima. Waulize kwanza kama wana kifaa cha kutolea sumaku kabla hawajagusa mfuniko wa nyuma.

#17 jua_kali254

Duro haina shida yoyote ya hizi.

#18 saa_ya_bibi

Kaka, nenda kalale.